Nyumba Njema si Mlango

Vita vya miaka hii ya 2020 vimeigeuza miji kadhaa kuwa kifusi. Mariupol uliangamia mwaka 2022. Khartoum na Gaza ikafuata kuanzia mwaka 2023. Vita vinapoharibu mji, wasanifu majengo huanza kuchora mji mpya hata kabla mizinga haijanyamaza, wakionyesha minara ya vioo, barabara pana na bustani. Sisi hatuipingi michoro hiyo. Aliyebomolewa nyumba anayo haki ya kutamani iliyo bora kuliko ile ya awali. Lakini kabla ya kuishangilia, yafaa tuulize: je, ni nani atakayerudi kuishi humo?

Swali hili si geni. Mji wa bandari wa Rotterdam, nchini Uholanzi, ulilipuuza kwa muda mrefu, na yaliyoufika ni somo kwa wengine.

Tarehe 14 Mei 1940, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji huo kwa muda wa kama robo saa. Mabomu na moto uliofuata viliua watu wapatao 850, vikateketeza nyumba zipatazo 25,000 na kuwaacha watu kama 80,000 bila makao. Siku nne tu baadaye, mtaalamu wa mipango ya mji, W. G. Witteveen, aliagizwa atayarishe mpango wa ujenzi mpya. Mwezi huo huo ardhi ya eneo lililoungua ilitwaliwa, na kifusi kikazolewa kufukia mifereji. Wenye viwanja waliandikiwa haki zao vitabuni, wapate kujenga kwingine baadaye. Ama wapangaji, ambao hawakuwa na kiwanja, hawakuwa na la kuandikiwa.

Witteveen alitaka mji wa matofali wenye mitaa iliyofungamana, unaokumbusha ule wa kale. Wenye viwanda na wasanifu wa mkondo wa kisasa waliona kwamba huko ni kurudi nyuma. Mmoja wao alikuwa Cees van der Leeuw wa kiwanda cha Van Nelle, ambacho jengo lake la zege, chuma na vioo, lililokamilika mwaka 1931, lilikuwa fahari ya mkondo huo. Imani yao ilikuwa kwamba mji ni kama mtambo: kazi mahali pake, makazi mahali pake, magari njia yake, na mwanga na hewa kwa wote. Mwaka 1944 Cornelis van Traa alichukua nafasi ya Witteveen, na mwaka 1946 baraza la mji likaupitisha mpango wake.

Sifa zilienea. Mwaka 1953 ulifunguliwa mtaa wa maduka wa Lijnbaan, uliosanifiwa na Van den Broek na Bakema. Maduka yake yalikuwa mafupi, yenye vibaraza vya kumkinga mpita njia na mvua, na magari hayakuruhusiwa kupita. Wataalamu wa nchi nyingi walikwenda kujifunza. Mwaka huo huo ilisimamishwa sanamu ya Ossip Zadkine: mtu aliyeinua mikono juu, kifuani ana tundu, kama mji ulionyofolewa moyo.

Moyo huo haukurudishwa upesi. Katikati ya mji palipewa biashara na ofisi, na nyumba zilizorudishwa hapo zilikuwa chache mno kuliko zilizoungua. Jioni, maduka yakishafungwa, mitaa ilibaki kimya. Wakazi wengi walipelekwa pembezoni, katika vitongoji vipya kama Pendrecht.

Hatuna budi kusema kweli yote. Pendrecht, kazi ya Lotte Stam-Beese, haikuwa adhabu. Nyumba za wazee, za familia na za wasio na familia zilipangwa pamoja, kukiwa na majani mabichi na jua. Kwa mtu aliyetoka katika chumba chenye giza kichochoroni, hiyo ilikuwa neema. Kwa hiyo si haki kulilaumu zege wala kioo. Kosa lilikuwa kwamba mji uliamuliwa na wachache, wakati nchi imekaliwa na adui na wananchi hawana nafasi ya kusema, na amani iliporudi mpango ukaendelea katika njia ile ile.

Ilichukua miaka thelathini kosa hilo kuanza kurekebishwa. Wakazi walidai, na uchaguzi wa mwaka 1974 ukaleta baraza lililokubali kujenga kwa ajili ya wanaoishi mjini. Nyumba zikaanza kurudi katikati. Lijnbaan nao, uliojengwa ili kuachana na ya kale, ulitangazwa mwaka 2010 kuwa urithi wa taifa unaolindwa kwa sheria.

Rai yetu kwa watakaoijenga upya miji ya leo ni kwamba, kabla ya kuchora barabara, waorodheshe waliokuwa wakiishi pale, wenye hati na wasio na hati, wawaulize wanataka kurudi wapi, na wawape kiti mezani panapokatwa shauri. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mji uliojengwa upya nao tuufungue, tukatazame kama wenyewe wamo.