Kirusi chenye jeni tisa, na saa 72 za Minova

Je, wajua kwamba kirusi cha Ukimwi kina jeni 9 tu, ilhali binadamu ana takriban 20,000? Upana wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ndani mna nyuzi mbili za RNA. Nje kuna utando wa mafuta ulioporwa kutoka kwenye seli kilimozaliwa, wenye protini iliyochomoza iitwayo gp120. Protini hiyo hunasa CD4, kipokezi kilicho juu ya seli nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili.

Kikishaingia, kimeng'enya chake kimoja hunakili RNA kuwa DNA, tena kwa makosa mengi, jambo linalowasumbua sana watafuta chanjo. Kimeng'enya cha pili huipachika DNA hiyo kwenye kromosomu zetu. Hapo ndipo mambo huharibika, maana tangu hapo seli yenyewe huzalisha virusi, na seli nyingine hulala na kirusi hicho miaka mingi. Dawa za ARV huzuia uzalishaji; kilichopachikwa haziking'oi. Hata hivyo, anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Wanasayansi wanakadiria kuwa janga hili lilianza kusambaa Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1920, kisha likafuata reli. Kirusi husafiri katika damu, shahawa, majimaji ya uke na maziwa ya mama. Mbu hahusiki, wala sahani ya samaki sambaza mliyoila pamoja.

Lakini kabla ya kujipachika na kuenea mwilini kuna upenyo mfupi. Dawa za kinga zikianzwa ndani ya saa 72 baada ya mtu kukutana na kirusi, na mapema zaidi ni bora, kisha zikamezwa siku 28, mara nyingi kirusi hukosa pa kushika. Chukua Minova, mashariki mwa Kongo: Novemba 2012, wanajeshi wa serikali waliokimbia Goma walibaka wanawake na wasichana zaidi ya 100 huko na katika vijiji jirani. Ubakaji huchubua, na michubuko hukifungulia kirusi mlango.

Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege, inayotibu walionusurika ubakaji, iko Bukavu, mwisho wa pili wa barabara mbovu inayopita Kalehe. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Minova, na barabara hiyo ikazidi kuwa ya mashaka. Kwa hiyo vidonge vya kinga vinatakiwa viwe Minova kwenyewe, kwenye kabati la kituo cha afya, kabla mtu hajavihitaji.