Neno "Case" la Kiingereza: Asili Zake Mbili na Athari Zake katika Kiswahili cha Sera

Makala haya yanahusu neno moja fupi la Kiingereza, "case", ambalo mfasiri wa nyaraka za kikanda hukutana nalo kabla hajafika ukurasa wa pili. Kwa macho ni neno moja. Kwa asili ni maneno mawili, yaliyotoka katika vitenzi tofauti vya Kilatini na kukutanishwa na mabadiliko ya matamshi.

La kwanza linatokana na "cadere", kuanguka. Nomino yake, "casus", ilimaanisha anguko, na kwa hiyo jambo lililotokea au lililomfika mtu. Fikra hiyo si ngeni kwetu, kwani nasi husema mtu kaangukiwa na msiba. Kupitia Kifaransa cha kale, Waingereza walilipokea na kulitandaza: hali, tukio, shauri la mahakamani, hoja inayojengwa, mgonjwa aliye mbele ya tabibu. Hata wanasarufi walilitumia. Wagiriki waliyaita maumbo ya nomino yanayobadilika kulingana na kazi yake katika sentensi "ptosis", yaani anguko, nao Warumi wakatafsiri moja kwa moja: "casus".

La pili linatokana na "capere", kushika au kutwaa, kupitia "capsa", sanduku la kutunzia vitu. Hilo ndilo lililozaa jina la mfuko wa miwani na la sanduku la safari. Ndilo pia lililomo katika majina ya Kiingereza ya herufi kubwa na herufi ndogo, kwa sababu wapangaji wa chapa waliweka herufi za risasi katika visanduku viwili, kubwa katika kile cha juu na ndogo katika cha chini.

Lisilotajwa sana ni kwamba Kiswahili kinazo koo zote mbili. "Kesi" imetujia kutoka Kiingereza na inarudi kwa "casus". "Kasha" limetujia mapema zaidi, kutoka "caixa" ya Kireno, na linarudi kwa "capsa". "Keshia" naye ni wa ukoo huohuo wa kasha, kwani mtunza fedha aliitwa kwa sanduku lake. Karani anayefungia majalada ya kesi ndani ya kasha anatamka maneno mawili ambayo Mwingereza angeyasema kwa neno moja.

Ugumu unaanza pale tunapodhani kwamba "kesi" inabeba mzigo wote wa "case". Haibebi. Katika Kiswahili "kesi" ni mwenendo mzima wa mahakamani. Chukua tamko "mshtakiwa hana kesi ya kujibu", linalotolewa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake. Kwa mwanasheria, maana yake ni kwamba ushahidi huo hautoshi kumlazimu mshtakiwa ajitetee. Kwa jamaa zake walioketi nyuma ni fumbo: kama hakuna kesi, miezi yote hii walikuwa wakihudhuria nini? Tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, fumbo hili halihusu tena maneno ya mdomo tu. Linaingia katika hukumu zilizoandikwa.

Katika afya ya umma madhara ni makubwa zaidi. Machi 2020, Korona ilipotangazwa Kenya na Tanzania, vyombo vya habari vya Kenya vilizoea kuhesabu "visa", ilhali vya Tanzania mara nyingi vilihesabu "wagonjwa". Maneno hayo hayalingani. "Case" ya mtaalamu wa milipuko ni mtu aliyetimiza vigezo vilivyowekwa. Anaweza kuwa hana dalili hata moja, au akawa amekwisha kuzikwa. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera Machi 2023 ulihesabiwa kuwa na "case" 9, lakini zilizothibitishwa na maabara zilikuwa 8. Ya tisa iliorodheshwa kuwa ya kukisiwa. Anayeandika "wagonjwa 9 waliothibitishwa" amekosea mara mbili, na Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, ambako taarifa hiyohiyo husomwa.

Kuna kosa jingine linaloniudhi zaidi. Mtu anayedhaniwa kuwa na ugonjwa huitwa "mshukiwa", neno lilelile la mwizi aliyekamatwa. Hapa mahakama na hospitali zimechanganywa, na mwenye homa anayesikia redioni kwamba washukiwa wanasakwa hana sababu ya kujitokeza. Baadhi ya taarifa hutumia "mhisiwa", nami naliona kuwa na staha zaidi.

Pendekezo langu kwa waandaaji wa istilahi za Jumuiya ni hili: "mgonjwa" abaki kuwa mtu anayeugua, "kisa" kiwe kipimo cha kuhesabia, daima kikiambatana na sifa yake, "mshukiwa" aachiwe polisi. Najua wenzetu wa Tanzania watasema "visa" vinanukia vitimbi, kama tusemapo mtu kafanyiwa visa na jirani. Hoja hiyo ina uzito, ila muktadha wa takwimu huizima haraka. Kwa utaratibu huu taarifa ya Kagera ingesomeka: visa 9, vilivyothibitishwa kimaabara 8, cha kukisiwa 1, vifo 6.