Zawadi Inapoua Hamu ya Kujifunza

Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto 51 ambao tayari walipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora. La pili lilipewa cheti hicho hicho baada ya kuchora, bila kuahidiwa. La tatu halikupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu za rangi ziliwekwa tena mezani, bila ahadi yoyote. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao.

Matokeo hayo yanamhusu kila mzazi anayemwahidi mwanawe simu au baiskeli akifaulu mtihani. Cheti chenyewe hakikuwa na kosa, maana waliokipata bila kukitarajia waliendelea kuchora kwa furaha. Kilichoharibu ni ahadi. Mchezo uligeuka kibarua, na malipo yalipokoma, kazi nayo ikapungua.

Edward Deci na Richard Ryan, walioyachunguza mambo haya kwa miaka mingi, wanasema hamu ya kweli hukua mtoto anapokuwa na nafasi ya kuchagua, anapojiona anaweza, na anapojua kuwa walio karibu naye wanamjali. Hamu hiyo huonekana hata ndani ya ubongo. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza watu maswali ya chemshabongo huku wakiwapiga picha za ubongo. Jibu lililosubiriwa kwa shauku lilikumbukwa vizuri zaidi, na hata sura ya mtu asiyehusika, iliyoonyeshwa wakati wa kusubiri, ilikumbukwa pia. Shauku ilikuwa imeamsha njia za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, pamoja na hipokampasi, sehemu inayosaidia kuunda kumbukumbu mpya.

Je, zawadi zote zitupwe? Hapana, na ushahidi tunao hapa kwetu. Mwaka 2001, magharibi mwa Kenya, wasichana wa darasa la sita waliofanya vizuri zaidi katika mtihani waliahidiwa ufadhili wa miaka miwili: kila mwaka shilingi 500 za karo na shilingi 1,000 kwa familia, pamoja na kutambuliwa hadharani. Katika wilaya ya Busia alama zilipanda, walimu wakahudhuria kazini zaidi, na hata wavulana, wasiohusika na ufadhili huo, wakanufaika. Katika wilaya jirani ya Teso mafanikio hayakuwa wazi hivyo. Lakini watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, hawakuona dalili kwamba zawadi ilidhoofisha hamu ya wanafunzi.

Kwa maoni yangu, tofauti na jaribio la Stanford ni kwamba wakati huo karo ya shule za msingi nchini Kenya ilikuwa haijafutwa. Msichana wa Busia hakulipwa kwa mchezo alioupenda tayari. Aliondolewa kikwazo kilichomfanya aone kusoma hakutamfikisha popote.

Basi mzazi, zawadi yako na imwezeshe mtoto kusoma, isiwe bei ya kumnunua asome. Na akirudi kutoka shuleni leo, kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi, muulize amejifunza nini kilichomshangaza, kisha kaa umsikilize.