Kitunguu Saumu Juu ya Matuta ya Ufipa: Zao Dogo kwa Mkoa Ulio Mbali na Soko

Uchumi wa uwanda wa juu wa Ufipa umetawaliwa kwa muda mrefu na tatizo moja la kibiashara: namna ya kumfikishia mlaji wa mbali mazao mazito yenye thamani ndogo bila nauli kumeza faida ya mkulima. Mji wa Sumbawanga, ulioko uwandani humo na ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduma na zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na kwa hiyo kila gunia la mahindi linalotoka huko hubeba gharama ambayo gunia la Morogoro halibebi. Makala haya yanapima nafasi ya kitunguu saumu kinacholimwa kwenye matuta madogo ya bustani kama zao la biashara katika mazingira hayo. Hoja yake ni kwamba Ufipa ina baridi, ina maarifa ya matuta na ina majira yanayofaa, lakini imepungukiwa mbegu ya kuaminika na mizani ya haki, na upungufu wa vitu hivyo viwili hauzibwi kwa jembe.

Historia ya bei ya mahindi inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, muda mfupi baada ya Mkoa wa Rukwa kuundwa mwaka 1974, serikali iliweka bei moja ya kununulia mahindi nchi nzima, kwa maana kwamba mkulima wa Laela au Matai mkoani humo alilipwa sawasawa na mkulima aliyelima kando ya reli, na Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana zaidi kwa ufupisho wa NMC, ndilo lililobeba gharama ya kusafirisha. Utaratibu huo uliiingiza Rukwa katika kundi la mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na ulezi, zao la tangu zamani la Wafipa, ukapoteza nafasi mbele ya mahindi chotara na mbolea ya viwandani. Soko lilipoanza kufunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1980, gharama ya umbali ilirudi mabegani mwa mkulima, kwa kuwa mwenye lori hununua kwa bei ya mjini baada ya kutoa nauli, ushuru na faida yake. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao una kanda yake Sumbawanga, umesaidia kuinua bei katika misimu fulani, lakini ununuzi wake hutegemea bajeti na uwezo wa maghala, na mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walishuhudia jinsi bei inavyoweza kuporomoka wakati gunia bado liko stoo.

Ndipo uzito wa zao unapokuwa suala la mkakati. Kilo moja ya kitunguu saumu kilichokaushwa vizuri huuzwa kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya kilo moja ya mahindi, ilhali nauli ya kilo hizo mbili ndani ya lori moja ni ileile. Maana yake ni kwamba sehemu ya bei inayoliwa na barabara ni ndogo zaidi kwa kitunguu saumu, na kadiri shamba lilivyo mbali na soko ndivyo tofauti hiyo inavyozidi kuwa na faida. Aidha, zao hili halihitaji jokofu wala kusafirishwa siku ileile ya kuvunwa kama nyanya, na kaya isiyo na ekari za kuongeza inaweza kulilima kwenye kipande kilichoko nyuma ya nyumba.

Kwa upande wa hali ya hewa, Ufipa imejaliwa. Kitunguu saumu hukuza majani kwanza, kisha, kikishapitia wiki kadhaa za baridi, huanza kutunga punje, yaani vile vipande vinavyokaa pamoja ndani ya ganda moja na kufanya kichwa. Aina nyingi za nchi za kaskazini hudai pia siku ndefu zenye mwanga wa saa 13 au zaidi, sharti ambalo haliwezi kutimizwa Sumbawanga, iliyo karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, ambako hata mwezi Desemba mchana hauzidi sana saa 12 na nusu. Aina zilizozoea nchi za joto huridhika na baridi peke yake, na baridi ipo: sehemu kubwa ya uwanda iko mita 1,500 hadi 2,000 juu ya usawa wa bahari, safu ya milima ya Mbizi hupanda juu zaidi, na usiku wa Juni na Julai joto la Sumbawanga hushuka hadi kwenye nyuzi 10 za Selsiasi au karibu na hapo. Mvua huanza Novemba na kumalizika Aprili, kwa hiyo punje zinazopandwa Machi au mwanzoni mwa Aprili huota kwa mvua za mwisho, hukutana na baridi zikiwa na majani ya kutosha, na huvunwa Agosti au Septemba wakati anga ni kavu. Mpangilio huo unastahili kuthaminiwa, kwa sababu humwepusha mkulima na mvua wakati wa kuvuna.

Maarifa ya kulima juu ya udongo ulioinuliwa nayo si mageni kwa Wafipa. Kwa vizazi vingi, wao pamoja na majirani zao Wamambwe wamelima kwa intumba, yaani vichuguu vya udongo vinavyotengenezwa kuelekea mwisho wa mvua kwa kukusanya nyasi, kuzilundika na kuzifunika kwa udongo uliogeuzwa kwa jembe, ili zioze chini kwa chini na kugeuka mboji. Juu ya kichuguu hupandwa maharage au jamii nyingine ya kunde, na msimu unaofuata kichuguu hubomolewa na mboji yake kutawanywa kwa ajili ya ulezi au mahindi. Utaratibu huu ulistawi kwa sababu uwanda umekuwa mbuga ya nyasi yenye miti michache, mahali ambapo kilimo cha kukata na kuchoma matawi, kinachojulikana upande wa Zambia kwa jina la chitemene, kisingeweza kuendelea.

Jambo la kitaalamu lililofichika ndani ya desturi hiyo lina thamani kubwa kwa mkulima wa kitunguu saumu. Nyasi mbichi zinapooza, vijidudu vinavyozila huchukua naitrojeni iliyomo ardhini, kwa hiyo zao linalopandwa mapema juu yake hupata njaa ya kirutubisho hicho. Kunde huvumilia kwa kuwa hujitengenezea naitrojeni kwenye mizizi yake, lakini kitunguu saumu, chenye mizizi mifupi na michache, hudumaa na kuwa njano. Mahali pake, basi, si juu ya kichuguu kipya bali kwenye tuta linalotengenezwa mwaka wa pili kwa udongo wa kichuguu kilichobomolewa. Mkulima anayefuata mpangilio huo hupata udongo mwepesi, usiotuamisha maji, bila kununua mbolea nyingi, ingawa uchachu wa udongo, ambao ni tatizo la sehemu nyingi za uwanda, bado hudai chokaa ya kilimo kila baada ya misimu kadhaa.

Tuta lenyewe hupimwa kwa urefu wa mkono. Upana wa mita 1 hadi 1.2 humwezesha mpaliliaji kufika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo, kimo cha sentimita 20 hadi 30 huipa mizizi nafasi na kuyaondoa maji ya mvua za mwisho, na njia ya nusu mita hutosha kupitisha ndoo. Punje hushindiliwa kwa kidole, ncha ikitazama juu na kitako kikiwa chini, kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, zikiachana sentimita 10 ndani ya mstari na sentimita 15 kati ya mstari na mstari. Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10 hupokea hivyo mistari 8 yenye punje 100 kila mmoja, jumla punje 800. Iwapo 680 kati yake zitafika mavunoni na kila kichwa kikawa na gramu 25 baada ya kukauka, tuta hilo hutoa kilo 17. Kasoro ya tuta lililoinuliwa ni kukauka upesi, na kwa kuwa kuanzia Mei mvua hakuna, matandazo ya nyasi kavu juu ya udongo ni ya lazima, na tuta lisilo jirani na kisima au kijito huwa mzigo kwa wanawake na watoto, ambao kwa kawaida ndio wanaochota maji. Gharama hiyo ya nguvu kazi haifai kuachwa nje ya hesabu ya faida kwa sababu tu hailipwi kwa noti.

Hesabu hiyohiyo inafichua mahali ambapo biashara hii hukwama. Punje 800 zenye gramu 3 kila moja ni kilo 2.4 za mbegu, yaani karibu sehemu moja ya saba ya mavuno yote hurudi ardhini, wakati ekari nzima ya mahindi hupandwa kwa kilo 10 hivi. Kitunguu saumu hakipandwi kwa mbegu ya ua bali kwa punje zake, na kwa hiyo kila ugonjwa ulioingia kwenye kichwa cha mwaka huu hupandwa tena mwaka ujao, hasa virusi, ambavyo haviui mmea lakini hupunguza ukubwa wa kichwa kizazi baada ya kizazi. Mkulima anayeanza huenda sokoni, hununua vichwa vyeupe vinavyovutia na kuvipanda, bila kujua kwamba huenda vimetoka nchi za siku ndefu, au vimetunzwa kwa njia inayozuia kuchipua. Mwisho wa msimu hupata majani mengi na kitunguu cha duara kisichogawanyika. Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ni uozo mweupe, ugonjwa wa ukungu ambao chembe zake huweza kukaa ardhini miaka 20 zikisubiri jamii ya vitunguu ipandwe tena. Matuta madogo yana faida hapa, kwa kuwa tuta lililougua huweza kutengwa na kupandwa mahindi au ulezi, mradi jembe lake lisitumike kwingine bila kuoshwa.

Dawa ya tatizo la mbegu ni ya kitaasisi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania ina kituo Uyole, Mbeya, na Taasisi ya Uthibitisho wa Mbegu Tanzania, yenye makao Morogoro, inao utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani mbegu zinazozalishwa na wakulima wenyewe kijijini chini ya ukaguzi. Vikundi vichache vilivyoko miinuko ya Mbizi, penye baridi kali zaidi na mbali na mashamba ya vitunguu maji, vingeweza kuzalisha punje safi kwa ajili ya wilaya nzima, na halmashauri zinazo fedha za kuanzia katika asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Baada ya kuvuna, kazi ni kukausha. Vichwa hung'olewa majani ya chini yanapoanza kuwa manjano, maji yakiwa yamesitishwa wiki mbili au tatu kabla, kisha huning'inizwa kwa mafungu kivulini penye upepo hadi shingo ikauke kabisa. Upepo mkavu wa Agosti hufanya kazi hiyo bure. Kitunguu kilichokaushwa hivyo hukaa miezi kadhaa bila kuharibika, muda unaomruhusu mwenye mali kusubiri hadi sikukuu za mwisho wa mwaka badala ya kuuza kwa haraka pamoja na wenzake wote.

Ushindani upo. China huzalisha karibu robo tatu ya kitunguu saumu cha dunia, na vichwa vyake vikubwa, vinavyomenyeka kwa urahisi, vimejaa masoko ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwa mnunuzi mkubwa. Ndani ya nchi, Mbulu mkoani Manyara ina jina lake tayari, na iko jirani zaidi na Arusha na Nairobi. Ufipa isiyatamani sana masoko hayo kabla haijawauzia walio chini yake. Mashariki kuna bonde la Ziwa Rukwa na magharibi mwambao wa Ziwa Tanganyika, pote pakiwa chini kwa mamia ya mita na penye joto lisiloruhusu zao hili kutunga kichwa; Kirando, Kipili na Kasanga hula samaki kila siku na hununua viungo kutoka juu, na bandari ya Kasanga hutazamana na Kongo, kama ambavyo mpaka wa Kasesya hufungua njia ya Zambia.

Kinachobaki ni kipimo. Kitunguu saumu huuzwa vijijini kwa kisado, debe au gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba, yaani lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza. Kwa mahindi, kisado kilichozidishwa humpunja mkulima fedha kidogo. Kwa zao ambalo thamani yake yote imo ndani ya kilo chache, dalali anayepima kwa macho huondoka na malipo ya miezi yote ya kumwagilia. Mizani moja ya kilo 50 iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikinunuliwa na chama cha ushirika cha msingi na kuwekwa mahali pa kukusanyia mazao, ni rahisi kuliko trekta yoyote iliyowahi kuahidiwa uwandani, na inaweza kutumika kuanzia mavuno ya kwanza ya Agosti.