Mukeke hana pasipoti: Kipupwe cha wavuvi wa ndoano Rumonge

JUA likishazama nyuma ya milima ya Congo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, maji yaliyo mbele ya mji wa Rumonge huanza kuwaka taa moja baada ya nyingine. Ukiwa ufukweni utadhani mji mwingine umechipuka ziwani. Nyingi ya taa hizo ni za katamara, yaani mitumbwi miwili au zaidi iliyofungwa pamoja kwa miti, na za apolo, ambazo ni kubwa zaidi. Hizi hushusha wavu chini ya mwanga, husubiri ndagala wakusanyike, kisha huuinua wavu na vyote vilivyomo.

Pembeni kidogo, pale mwanga unapokutana na giza, hukaa mtumbwi mdogo wa watu wawili. Hawa hawana wavu. Wana mshipi, ndoano na subira. Wanamtafuta mukeke, samaki anayewafuata ndagala kama fisi afuatavyo kundi la swala.

Mshipi wa mukeke hubeba ndoano kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na chubwi la risasi mwishoni. Mara nyingi hakuna chambo cha kuliwa. Kinachomdanganya samaki ni kitu kinachometa au unyoya uliofungwa kwenye ndoano, unaochezeshwa juu na chini ili uonekane kama ndagala anayetoroka. Anayevua trauti katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare nchini Kenya, ambako samaki huyo wa kigeni aliletwa mwaka 1905, angeutambua ujanja huu mara moja. Tofauti ni kwamba yule huvua kwa starehe, na huyu wa Rumonge huvua ili watoto wale.

Kazi hii hutaka kulijua ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na katika Afrika hakuna ziwa lenye kina zaidi. Lakini samaki hawaishi katika kina chote hicho. Huku kaskazini, ukishapita takriban mita 100 kwenda chini, hewa ya oksijeni huwa imekwisha, na kilichobaki ni maji yasiyo na uhai wa samaki. Kwa hiyo mvuvi anatafuta tabaka jembamba la juu, na ndani ya tabaka hilo anatafuta pale mukeke alipo usiku huo. Kipimo chake ni pima za mshipi zinazopita mkononi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, na ufuko mzima hupumzika kwa siku kadhaa.

Kisha kuna upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa kipupwe, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa hili lenye urefu wa kilomita zipatazo 670. Husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule Zambia maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake, yakibeba rutuba iliyolala kilindini. Upepo unapotulia, maji hurudi na kuyumba polepole kama ya kwenye beseni lililotikiswa. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo ya majini, mimea hulisha wadudu wadogo, wadudu hulisha ndagala, na ndagala humlisha mukeke. Kinachofika sokoni Rumonge kinategemea upepo uliovuma mbali sana na hapa.

Mnyororo huo sasa umelegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kadiri ziwa linavyopata joto, maji ya juu na ya chini huchanganyika kwa shida zaidi, na uzalishaji wa chakula cha samaki ulikadiriwa kushuka kwa takriban asilimia 20. Juu ya hilo kuna mkono wa binadamu. Watoto wa mukeke, wanaojulikana hapa kama nyamunyamu, huogelea pamoja na ndagala. Wavu wenye matundu madogo hauwabagui. Chandarua cha mbu kikigeuzwa kokoro la ufukweni ndiyo balaa zaidi, kwani huzoa hata wale ambao hawajafikia urefu wa kidole.

Ndiyo maana nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Congo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha. Msingi uliwekwa katika mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa mujibu wa makubaliano hayo. Burundi nayo imewahi kuweka vipindi vya kusimamisha uvuvi. Kwa maneno mengine, kipupwe, msimu wa upepo na wa chakula kupanda kutoka kilindini, kimekuwa msimu wa kutundika mishipi.

Hapo ndipo mwenye ndoano anapouliza swali lake. Yeye huvua samaki mmoja mmoja, tena wakubwa, kwa kuwa mdomo wa nyamunyamu hauwezi ndoano yake. Kwa nini apewe likizo ileile anayopewa mwenye chandarua?

Swali hilo ni la haki, na majibu yake mawili hayapendezi. La kwanza ni kwamba usiku, katikati ya maji, askari wa doria hawezi kupambanua taa ya mshipi na taa ya wavu. Mwanya ukiachwa kwa mmoja, wote watapitia humo. La pili ni kwamba mukeke mkubwa anayenaswa na ndoano ndiye mzazi. Ziwa linahitaji mtoto akue, na pia linahitaji mama azae.

Hata hivyo, sheria inayomtaka maskini afunge mkanda lazima imwonyeshe kwamba na jirani amefunga. Burundi ina takriban asilimia 8 tu ya ziwa, Congo asilimia 45, Tanzania 41 na Zambia 6. Mukeke wa Rumonge ndiye mgebuka wa Kigoma na ndiye bukabuka wa Mpulungu. Ndagala ndiye dagaa, na ndiye kapenta. Majina hubadilika mpakani, samaki habadiliki wala hagongewi muhuri. Nchi moja ikifunga Mei na nyingine Julai, au moja ikifunga kwa karatasi tu, anayelala njaa Rumonge atakuwa anamfugia mwingine samaki.

Kuna pia upande wa nchi kavu. Kina mama wanaonunua ndagala alfajiri, kuwaanika na kuwasafirisha Bujumbura hawana mshipi wala wavu, lakini ziwa likifungwa biashara yao nayo hufungwa. Mvugo, karibu na Nyanza-Lac, mradi wa FAO ulionyesha tangu miaka ya 2000 kwamba ndagala wakianikwa kwenye vichanja vya waya badala ya mchangani hukauka upesi, hawana mchanga na huharibika wachache zaidi. Samaki asiyeoza ni samaki ambaye hakuna haja ya kumvua mara ya pili. Vichanja hivyo, pamoja na mikopo midogo ya kubadilisha nyavu haramu na kutangaza tarehe mapema ili familia ziweke akiba, vingefanya miezi mitatu ivumilike.

Burundi na Tanzania zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Congo ilijiunga mwaka 2022. Zambia iko nje, lakini imo katika mkataba wa ziwa. Mara nyingi utangamano hupimwa kwa barabara, forodha na malori. Ufukweni Rumonge kipimo ni rahisi zaidi. Usiku wa Juni, mvuvi aliyetundika mshipi wake husimama mchangani na kutazama magharibi, kisha kusini. Akiona giza kote, atajua kwamba hafungi peke yake.