Marathoni: Anayekimbia taratibu ndiye anayehitaji tahadhari zaidi

Kati ya Septemba na Novemba, wakati majani ya miti yanapukutika Ulaya na Amerika Kaskazini, miji mikubwa ya huko hufunga barabara kupisha wakimbiaji. Berlin hutangulia mwishoni mwa Septemba, Chicago hufuata Oktoba, na New York huja mwanzoni mwa Novemba. Katikati yake zipo Amsterdam, Frankfurt na Dublin, pamoja na nusu marathoni nyingi za miji midogo. Nairobi nayo imezoea kuandaa marathoni yake kubwa katika kipindi hicho hicho.

Afrika Mashariki tunaujua msimu huu kwa majina ya washindi. Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Eliud Kipchoge wa Kenya aliweka rekodi ya dunia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, na mwaka uliofuata marehemu Kelvin Kiptum akaivunja Chicago kwa saa 2:00:35.

Nyuma ya mabingwa hao wapo maelfu ya walimu, wauguzi, madereva, wafanyabiashara na wastaafu wanaotumia saa nne, tano au sita kufika mwisho. Berlin humpa mkimbiaji saa 6 na dakika 15, Chicago saa 6 na nusu. Watu hawa hununua viatu kama vya bingwa na kufuata ratiba ya bingwa, lakini hatari zinazowakabili njiani si zile zinazomkabili bingwa. Anayekaa barabarani saa tano anahitaji kuuelewa mwili wake kuliko anayekaa saa mbili.

Kwa nini baridi husaidia

Mtu mwenye kilo 70 hutumia takriban kalori 2,900 kumaliza kilomita 42.195. Sehemu ndogo tu ya nishati hiyo ndiyo inayomsukuma mbele; zaidi ya robo tatu hugeuka joto ndani ya mwili. Joto hilo lisipotoka, mwili hupata moto kuliko unavyoweza kuvumilia. Njia kuu ya kulitoa ni jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini halijakusaidia kitu. Ndiyo maana nyuzi 28 za Dar es Salaam au Mombasa, penye unyevu mwingi hewani, humchosha mkimbiaji kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu.

Watafiti wa Ufaransa walichambua matokeo ya mbio 60 za Paris, London, Berlin, Boston, Chicago na New York, kuanzia mwaka 2001 hadi 2010, zilizokimbiwa na watu wapatao milioni 1.8. Waligundua kuwa joto la hewa ndilo jambo la hali ya hewa lililoathiri muda wa wakimbiaji kuliko mengine yote. Watu walikimbia vizuri zaidi kati ya nyuzi 3.8 na 9.9, kulingana na kiwango cha kila kundi. Joto lilipopanda, kasi ilishuka na idadi ya walioacha mbio ikaongezeka.

Hapo ndipo faida ya msimu huu ilipo. Asubuhi nyingi za Oktoba huko kaskazini ni za baridi, na mkimbiaji amepata miezi ya kiangazi kufanya mazoezi. Lakini kalenda haitoi dhamana ya hali ya hewa.

Funzo la Chicago, 2007

Oktoba 7, 2007, wakimbiaji wapatao 36,000 walianza mbio Chicago saa 2 asubuhi, siku ambayo joto lilifika nyuzi 31 na hewa ilikuwa na unyevu mwingi. Mkenya Patrick Ivuti alishinda kwa saa 2:11:11, akimpita Jaouad Gharib wa Morocco kwa kifua. Ivuti alipovuka mstari ilikuwa saa 4:11 asubuhi, jua halijapamba moto. Maelfu ya watu nyuma yake hawakuwa wamefika hata nusu ya safari.

Baadhi ya vituo vya maji vya mwanzoni vilikaukiwa. Magari ya wagonjwa yalianza kupishana, na mamia ya watu walihitaji matibabu. Takriban saa tatu na nusu baada ya kuanza, waandaaji walisimamisha mbio na kuwaomba waliobaki watembee au wapande mabasi. Mkimbiaji mmoja alifariki dunia. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na hitilafu ya vali ya moyo.

Kwa kila saa, bingwa huzalisha joto jingi kuliko mkimbiaji wa kawaida kwa sababu anakwenda kasi. Lakini yeye ni mwembamba, upepo wa mwendo wake unampoza, mwili wake umezoea, na anamaliza mapema. Mkimbiaji wa saa tano huwa na mwili mkubwa zaidi, amezungukwa na umati unaozuia upepo, na kilomita zake ngumu kuliko zote zinaangukia saa yenye jua kali kuliko zote.

Kwa hiyo siku ya joto, badilisha lengo kabla ya kuanza. Punguza kasi kuanzia kilomita ya kwanza, usingoje mwili ukulazimishe. Mtanzania Alphonce Simbu alitupa mfano mzuri Septemba 15, 2025, aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, siku ya joto na unyevu. Muda wake wa saa 2:09:48 uko mbali na rekodi ya dunia. Simbu alitulia ndani ya kundi, akahifadhi nguvu, kisha akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Wanga huisha kabla ya barabara

Mwili hutunza wanga kwenye misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, kwa kawaida gramu 400 hadi 500. Hizo ni kalori zisizozidi 2,000 hivi, wakati safari nzima inadai karibu 3,000. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwilini, lakini mafuta huungua polepole. Kadiri unavyokwenda kasi, ndivyo mwili unavyokimbilia wanga. Anayeanza kwa pupa huumaliza mapema, na karibu na kilomita ya 30 miguu inakuwa mizito na kichwa kinakosa utulivu.

Dawa yake ni mwendo na chakula. Kilomita kumi za kwanza ziwe za kasi ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Siku mbili kabla ya mbio, ongeza sehemu ya wanga kwenye sahani: wali, ugali, viazi, ndizi, chapati. Ukiwa njiani, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi, na tende chache zinatosha kufikia kiasi hicho. Chochote utakachokula siku ya mbio, kijaribu kwanza kwenye mazoezi marefu, kwa sababu tumbo nalo linahitaji kuzoezwa.

Maji nayo yana kipimo

Wengi wetu tumelelewa na ushauri wa kunywa maji mengi kadiri iwezekanavyo. Kwa mkimbiaji wa taratibu, ushauri huo unaweza kuua. Anayekunywa kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza kiwango cha sodiamu kwenye damu. Maji huhamia ndani ya seli, ubongo huvimba, na mtu anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu.

Watafiti waliwapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na watatu kati yao walikuwa katika hali ya hatari kubwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakati wa mbio na waliotumia zaidi ya saa nne. Bingwa hana nafasi ya kunywa kiasi hicho. Anayetembea kila kituo na kumaliza vikombe viwili anayo.

Fuata kiu. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu: kupungua kilo moja ni sawa na kupoteza takriban lita moja ya jasho. Kupungua kidogo ni kawaida. Kuongezeka ni ishara kwamba umekunywa kuliko mahitaji. Pete ikianza kubana kidole, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja huku tumbo limejaa maji, acha kunywa na utafute daktari.

Huku kwetu kuna jambo la kuangalia sana. Mkimbiaji akianguka, wasaidizi hupenda atundikiwe dripu haraka. Kama tatizo ni sodiamu iliyoshuka, dripu isiyofaa huzidisha madhara. Pale inapowezekana, damu ipimwe kwanza.

Onyo jingine ni dawa za maumivu. Wapo wanaomeza diclofenac au ibuprofen asubuhi ya mbio ili goti lisisumbue. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati mwili umepungukiwa maji, na zinaweza kuchangia kushuka kwa sodiamu. Goti linalodai dawa kabla ya kuanza linadai mapumziko.

Mwenzako akianguka

Kiharusi cha joto hutambulika kwa mambo mawili: joto la ndani ya mwili kupita nyuzi 40, na akili kuvurugika. Mtu anapepesuka, anajibu mambo yasiyoeleweka, anagombana na wanaomsaidia. Ngozi inaweza kuwa bado imelowa jasho, na kipimo cha kwenye paji la uso kinaweza kudanganya. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa.

Kanuni ya madaktari wa michezo ni kumpoza kwanza, kisha kumsafirisha. Mgonjwa atumbukizwe kwenye beseni kubwa la maji ya barafu, kichwa kikishikiliwa juu. Beseni lisipokuwepo, watu wanne washike pembe za turubai, mgonjwa alazwe katikati, maji na barafu vimwagwe juu yake huku turubai likitikiswa ili maji yazunguke mwilini. Akipozwa ndani ya nusu saa, uwezekano wa kupona ni mkubwa sana. Akikaa kwenye gari la wagonjwa lililokwama kwenye foleni, kila dakika inaharibu ubongo, ini na figo.

Vipi kuhusu moyo? Nchini Marekani, kati ya washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kuanzia 2000 hadi 2010, moyo ulisimama kwa watu 59. Nusu marathoni ilikuwa na hatari ndogo zaidi: visa 0.27 kwa kila watu 100,000, dhidi ya 1.01 kwa marathoni kamili. Uchambuzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kuwa visa havikupungua sana, ila vifo vimeshuka kwa takriban nusu. Kinachookoa ni watu walio karibu kuanza mara moja kukandamiza kifua, na mashine ya kushtua moyo kufika haraka.

Ukipata maumivu ya kifua unapokimbia, ukizimia, moyo ukienda mbio bila mpangilio, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, muone daktari kabla ya kujiandikisha. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au selimundu naye aanzie kwa daktari. Ukiwa na homa, iwe malaria au mafua makali, usikimbie, hata kama umelipa ada.

Kujiandaa

Anayeanza kabisa achague nusu marathoni. Wiki 12 zinaweza kumtosha mtu ambaye tayari anatembea haraka au kukimbia kidogo. Marathoni kamili inataka wiki 16 hadi 20, na msingi wa miezi kadhaa kabla ya hapo. Mazoezi mengi yawe ya mwendo mwepesi, na zoezi refu liwe moja kwa wiki, likiongezeka kidogo kidogo hadi kilomita 28 au 32. Wiki mbili au tatu za mwisho punguza umbali ili misuli ipone. Kukimbia na kutembea kwa zamu ni njia halali kabisa. Wengi humaliza hivyo wakiwa na afya njema.

Anayesafiri kutoka sehemu yenye baridi kuja kukimbia kwenye joto ajipe siku 7 hadi 14 za kuuzoeza mwili. Anayetoka Afrika Mashariki kwenda Berlin au New York avae sweta kuukuu juu ya nguo zake za mbio. Unaweza kusimama nje zaidi ya saa moja kabla ya kuanza, na sweta hilo utalivua na kuliacha dakika za mwisho.

Waandaaji wa mbio zetu, ambazo sasa zinafanyika karibu kila wikendi, wana wajibu pia. Anzeni alfajiri. Wekeni barafu na turubai, si dripu peke yake. Wafundisheni watoa huduma wa kujitolea kukandamiza kifua. Na msifunge vituo vya maji kabla ya mkimbiaji wa mwisho kupita, kwa sababu yeye ndiye anayevihitaji kuliko wote waliomtangulia.