Kumbukumbu Tendaji: Nguvu ya Hesabu, Mtihani wa Ubunifu

Kumbukumbu tendaji ni uwezo wa akili wa kushikilia taarifa chache kwa muda mfupi huku ikizifanyia kazi. Dhana hiyo, ambayo Alan Baddeley na Graham Hitch waliifafanua nchini Uingereza mwaka 1974, haihusu kuhifadhi tu bali pia kuongoza uangalifu, yaani kuchagua cha kuzingatia na kuzuia kisichohusika. Nayo ni finyu, kwani mwaka 2001 Nelson Cowan alikadiria kwamba mtu mzima humudu mafungu ya taarifa yapatayo manne tu kwa wakati mmoja.

Kazi yake huonekana wazi katika biashara za mtaa wa Bel-Air, mjini Lubumbashi, ambako dola na faranga hutumika bega kwa bega. Muuzaji anayepokea dola 10 kwa bidhaa za faranga 18,500, ikiwa dola moja ni faranga 2,500, hana budi kupata kwanza 25,000, aishikilie akilini bila kuisahau bei, kisha atoe ili arudishe chenji ya 6,500. Akisemeshwa katikati na tarakimu moja ikamponyoka, huanza upya. Katika matatizo ya uchanganuzi kama hilo, ambayo hatua zake zinajulikana na hufuatana, mwenye kumbukumbu tendaji pana kwa kawaida hufaulu zaidi.

Utatuzi wa kibunifu una sharti jingine, kwa sababu njia iliyozoeleka huweza kuwa ndiyo kizuizi. Abraham Luchins alilionyesha jambo hilo mwaka 1942: waliotakiwa kupima vipimo 100 vya maji kwa mitungi ya 21, 127 na 3 walijifunza kujaza mtungi mkubwa, kisha kupunguza kwa wa kwanza mara moja na kwa wa tatu mara mbili; lakini walipopewa mitungi ya 23, 49 na 3 ili wapate 20, wengi walirudia mzunguko uleule, ilhali kutoa 3 katika 23 kulitosha. Mwaka 2007 Sian Beilock na Marci DeCaro walibaini kwamba, pasipo shinikizo, wenye kumbukumbu tendaji pana ndio walioelekea zaidi kushika njia ndefu, maana waliimudu bila taabu.

Kwa hiyo watoto wa Lubumbashi, ambao wengi huzungumza Kiswahili nyumbani na kusoma masomo mengi kwa Kifaransa, hata sehemu ya kumbukumbu yao tendaji ikatumika kwa lugha kabla swali halijafikiwa, wanastahili kufundishwa mambo mawili kwa pamoja: kuandika hatua za kati ili akili ipate nafasi, na kulichunguza upya kila tatizo, hata linalofanana na la jana, kabla ya kulitumia jibu walilolizoea.